Gongo Zito na Mbatata za Mama

Juzi, bustanini hapa Hayes, nilimwona mtoto akilia, baba yake kampa gongo la besiboli zito kuliko alilolizoea. Nikakumbuka alasiri moja uani kwetu Thornton Heath, tulipokuwa wageni kutoka Unguja, mapinduzi yametutoa.

Shuleni nilipandishwa timu ya wakubwa. Gongo lao likanishinda, na kesho yake ningejaribiwa mara ya mwisho. Mama hakuujua mchezo ule, lakini kutwanga alikujua.

"Mikono umeikaza bure. Uzito haubebwi, unafuatwa, kama mchi. Haya!"

Akanirushia mbatata ya chakula cha usiku, kasimama karibu mno. Nilikosa mara tatu.

"Rudi nyuma, mama, nitakuumiza."

"Piga, mwoga we!"

Niliufuata uzito. Mbatata ikapasuka, maji yakamrukia usoni, uani kukanuka mbatata mbichi. Nilidhani mama haogopi kitu. Sasa najua alisogea karibu ili nisikose tu, na ule mkono wake mwengine ulikuwa umeinyanyua kanga, tayari kujikinga uso.

Akajifuta jicho, akaokota mbatata nyengine.

"Tena," akasema.