Ujana wa Mama Mkwe

Shangazi yangu msusi huangalia filamu huku akisuka, na hasira zake zote huishia kichwani mwa mteja. Filamu zilizotokana na vitabu huzifokea: "Yule shemeji mchekeshaji wa kitabuni wamempeleka wapi? Aliwakosea nini?"

Jana ilikuwa filamu mpya kuhusu ujana wa mama mkwe katili wa filamu ya zamani, ambaye shangazi amemlaani miaka yote. Kumbe naye alikuwa binti mcheshi, akapenda, akatendwa!

"Mwanangu, usimwamini huyo!" shangazi akampigia kelele binti wa kwenye skrini, akavuta msuko hadi mteja akaruka.

Filamu ilipoisha, alifuta machozi, akampigia simu mama mkwe wake, ambaye hawajasemezana naye tangu harusi.

"Shikamoo, mama. Hebu niambie, nani alikutenda?"