Siku Nliyopita Barazani na Baskeli

Sisi tulokulia shamba Unguja, baskeli haikuwa mchezo wa watoto. Baskeli ilikuwa mtu mzima ndani ya nyumba. Ilikuwa na pahala pake pa kulala, pale ukumbini, inafunikwa kanga kuukuu isiingie vumbi. Baba akirudi anaifuta kwanza, yeye kunawa mikono baadae. Nyie wa rika langu mnaijua ile: nyeusi, nzito kama mlango, na kengele ambayo ikilia ng'ambo ya bonde mama anatia chai motoni.

Imenijia kwa sababu ya Thuraya, mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu huyu nnaekaa nae hapa Mabela, Maskati. Thuraya anafanya kazi benki, na kila Ijumaa alfajiri yeye na wanawake wenzake wanatoka Ghubra na mabaskeli yao, kabla jua halijawa kali. Msimu huu wamefunga safari mpaka Italia. Nikamuuliza, "Mnapanda ndege mwende mkapande baskeli? Hapa njia zimekwisha?"

"Kule tambarare, Bibi. Majabali hakuna."

Hapo nkamfahamu. Maskati hii ukitoka mlangoni tu, jabali hilo.

Basi juzi kanipigia video. Simu kaifunga kwenye usukani, yeye anaendesha, mie nimekaa kwenye kochi na kikombe changu cha kahawa tunakwenda pamoja. Nchi imelala kama chano. Mto, daraja, kidogo mto mwengine, daraja jengine. Njia imepita juu ya tuta, mkono huu maji, mkono huu mashamba. Hakuna mlima hata wa kupumzisha macho. Thuraya kavaa kofia ngumu juu ya hijabu, glavu, miwani kama ya fundi wa kuchomea vyuma, na mkononi ana saa inayomwambia kama kachoka. Sisi tukijua tumechoka kwa kuchoka.

Mara kasimama kando ya njia, kaigeuza simu. "Bibi, unaujua huu?"

Mpunga! Wallahi mpunga, umesimama ndani ya maji, kijani vile vile. Huko Ulaya! Nilipiga kelele mpaka mwanangu katoka chumbani anadhani nimeanguka. Nikamwambia, "Njoo utizame, kwetu kumehamia kwa Wazungu!"

Maana kwetu kulikuwa hivyo hivyo. Bonde lote majaruba ya mpunga, na vijito vinakatiza, kila kijito kimelazwa gogo la mnazi ndio daraja. Masika maji yakijaa gogo linazama, unavuka kwa kukumbuka lilipokuwa. Tukicheza mdako chini ya ukingo wa nyumba, tukicheza nage uwanjani mpaka magharibi, mama anatuita kwa majina ya ukoo mzima ndio ujue kakasirika. Tukila muhogo wa nazi na dagaa asubuhi, tukaenda zetu skuli tumbo zito. Siku hizi mtoto anapewa nafaka za boksi na maziwa, na duka lipo mkabala na nyumba, anataka kupelekwa kwa gari!

Skuli yetu ilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, vijito si vichache. Mie nikipakiwa na kaka yangu Seif kwenye keria ya baskeli ya baba, upande upande, miguu pamoja, kanga nimeifunga isije ikaliwa na mnyororo. Seif alikuwa anakwenda mbio kama karogwa. Lakini kila siku tulichelewa. Kwa nini? Kwa sababu ya kushuka.

Nyie mnakumbuka. Ukipita na baskeli mbele ya wakubwa walokaa, unashuka. Unaikokota, unaamkia, unaulizwa mama hajambo, baba hajambo, na yule bibi yako mguu vipi, unajibu, unakwenda hatua kidogo ndio unapanda. Mbele ya msikiti, unashuka. Pahala penye msiba, unashuka na kengele unaifunika kwa mkono. Mama akisema, "Chombo chako kikikuinua juu ya wakubwa, hicho si chombo, ni balaa." Basi njia ya skuli ilikuwa na wazee, khasa baraza ya msikiti, hao hawakwishi. Seif ananong'ona, "Leo wawe wamelala, Yarabi." Hawajalala hata siku moja.

Sasa Seif akamaliza skuli, baba akampeleka mjini kwa ami yetu kujifunza ushoni. Baskeli ikabaki. Mie nikabaki. Baba akasema, mtoto wa kike hakati bonde peke yake kwa miguu, maji yale, nyasi zile. Akipatikana wa kunipakia, sawa. Asipopatikana, skuli basi. Na skuli zilikuwa zimefungwa kwa Ramadhani, zikifunguliwa baada ya Sikukuu ndio itajulikana. Mwaka huo ndio kwanza nimeanza kusoma maneno yakaingia. Kila karatasi ya kufungia sukari naisoma, naisoma na kwa mbuzi. Nilitaka skuli kama mtu anavyotaka maji na yeye kafunga.

Nikawaza: kwani wa kunipakia lazima awe mtu mwengine?

Mchana wa Ramadhani baba akilala, mie naitoa baskeli kwa mlango wa uwani. Kitini sifiki, basi mguu mmoja naupitisha ndani ya fremu, nimejipinda kama kamba wa baharini, naikanyaga. Wiki nzima nikianguka. Halafu siku moja sikuanguka. Nilikwenda! Upepo ukaingia kwenye kanga, nikajiona nimekuwa mtu mwengine kabisa.

Kwenda nlijua. Kusimama sikujua. Breki za baba zilikuwa za kamba na dua. Nikitaka kusimama naielekeza kwenye chungu ya mabua ya mpunga nyuma ya nyumba, najitupa. Nikaona huko ndio kusimama.

Usiku mmoja wa futari mama ananitilia uji, kasema pole pole, "Miguu yako inanuka grisi." Nikaivuta miguu ndani ya kanga. Akasema, "Baba yako ukimwambia unaweza, atakataa. Lakini akikuona unaweza, atasemaje?"

Nikalichukua neno lile kama lilivyo.

Sikukuu ikaja, ikapita. Siku ya mwisho kabla ya skuli kufunguliwa, baada ya laasiri, nikajua baba yuko barazani msikitini na wenzake. Nikavaa nguo yangu ya Sikukuu, nikaitoa baskeli. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: nakwenda mpaka pale, nashuka kwa adabu, naamkia mmoja mmoja, baba ananiona, wenzake wananisifu. Wazee wakikusifu, baba atakataa nini?

Njia ya kwenda msikitini ina mteremko kidogo. Kidogo tu, kwetu huko hakukuwa na mteremko wa maana. Baskeli ikapata mbio. Barazani nawaona, vikofia vyeupe, vikombe vya kahawa. Nikatafuta mabua. Mabua yako wapi? Yako nyumbani.

"Shikamooni!" nilipiga kelele, nikapita kama mshale.

Nyuma nikasikia sauti ya Bwana Nasor, mkubwa wao, mzee aliekuwa akikohoa watu wote wananyamaza. "Nani huyo kapita juu yetu?"

Mwengine kajibu, "Huyo wako," anamwambia baba.

Mie hapo nishafika kijitoni. Gogo likaenda huku, mie na baskeli tukaenda huku. Nlipotoa kichwa kwenye maji, baraza nzima imesimama ukingoni, vikombe mkononi. Na nisikilizeni vizuri: hakuna hata mmoja aliesema mtoto wa kike kapanda baskeli. Hilo halikuwapitia. Walichosema ni kimoja. "Hakushuka! Sisi tumekaa chini, yeye kapita juu! Na salamu anaitupa kama anatupa maganda!"

Baba akaitoa baskeli majini kwanza. Halafu akanitoa mie. Akageuka mbele ya wenzake, maji yanamtoka kwenye kanzu, akasema, "Hatopanda tena."

Usiku nikawasikia kule ndani. Mama anamuuliza, "Kosa lake mwanamke, au kosa lake hakushuka?"

"Hakushuka."

"Basi mfunze kushuka. Kupanda kesha kujua mwenyewe."

Nikasikia anavua saa yake anaiweka. Akasema, "Neno nishalisema barazani. Ntarudi kulimeza mbele za watu?"

Khalas. Asubuhi yake watoto wa kiume walipita na madaftari yao, mie nikakaa na mama tunachambua mchele. Nilibaki na herufi zangu zile zile, nazijua hadi leo, lakini zikijipanga nyingi zinanichanganya. Sikulia sana. Siku hizo mtu akilia analia kwa jambo lenye njia mbili, hili lilikuwa na moja.

Miaka ikapita, siku ya posa yangu Bwana Nasor kaja kula wali. Kashazeeka, haoni vizuri. Kaniambia, "Weye ndie yule wa baskeli? Sisi tulikuwa tunangoja baba yako akufunze kushuka. Tulikuwa tushakusamehe siku ile ile, tulicheka mpaka isha." Nikamjibu ahsante, nikamuongeza mchuzi. Wao walikuwa wanamngoja baba, baba anawaogopa wao.

Juzi Thuraya alipomaliza kunionesha mpunga akapanda tena, na mie nae. Tukaingia kijijini, nyumba za matofali mekundu, uwanja, na wazee wamekaa nje ya mkahawa wanacheza karata. Thuraya kapita, vuu! Mimi huku kwenye kochi mguu umenikaza wenyewe.

"Hao wazee," namwambia. "Hukushuka."

"Bibi, hawanijui hawa. Hata hawakuinua macho."

Kweli hawakuinua. Alipita pale na nguo yake ya rangi ya ndimu, mtoto wa Kiarabu kajifunga hijabu, katoka Mabela mpaka huko, hakuna alieuliza mtoto wa nani, anakwenda wapi, bibi yake mguu vipi. Kavuka mto mwengine, kisha mwengine, na madaraja ya kule ni ya zege, hayazami. Anasoma mabango ya njia kwa lugha asiyoijua, anafahamu, anageuka anakotaka. Jioni kanitumia picha, kafika mji wa bahari, kainua baskeli kwa mikono miwili juu ya kichwa, nyepesi ile, kama ungo.

Enzi zetu usingeweza kwenda hata shamba la jirani pasi na watu wote kukujua. Sasa wanakwenda dunia nzima hawajulikani. Wenzangu mnaniuliza ipi bora, na mie nimeziona zote mbili nimekaa. Mie njia nzima walinijua mtoto wa nani, na sikufika. Yeye hakuna alomjua, na kafika.