Mashine ya Presha na Ukuta wa Kidahwe

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Mwanga nikinunua misumari. Mzee mmoja wa Kidahwe akaweka kiganja juu ya mashine ya presha, zile za kuoshea magari, tena kubwa kuliko zote.

"Shikamoo, mzee," alisema mama muuzaji. "Utaosha nini?"

"Marahaba. Ukuta wa nyumba, upande wa barabarani. Nataka hii yenye nguvu."

"Ukuta una plasta?"

"Ipo."

"Hii itaibandua. Chukua ile ndogo, usimame hatua mbili kutoka ukutani. Maji ya mtoni uyachuje, mchanga unakula pampu. Ukimaliza, zima, halafu minya bastola ya kurushia maji mpaka maji ya ndani yaishe."

Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Uchafu gani huo?" mama aliuliza.

"Mkaa. Wakimbizi wanaopita kwenda kambini wanaandika majina yao, ndugu zao wakija wajue wamepita. Nyumba imekuwa kama daftari!"

Mama alichukua kitambaa, akafuta mashine ambayo haikuwa na vumbi. "Na hao ndugu, wameshapita wote?"

Mzee alikuna shingo. "Bado wanakuja."

Alinunua ile ndogo. Mimi nilidhani kazi ya muuzaji ni kuuza kikubwa. Kumbe ni kuuliza habari za ukuta.

Jana nilipita Kidahwe, kwenye nyumba ya yule mzee. Ukuta wa nyuma unang'aa. Wa mbele, ule wa barabarani, una majina mapya matatu, na dirishani, mahali ambapo mkono unafika kirahisi, mtu ameweka kipande cha mkaa.