Ambakisye, Roboti Yako Imefuta Tangazo la Msiba Wako

Jumatatu, siku ya pili baada ya mazishi.
Kwako Ambakisye.

Siamini bado kwamba nakuandikia, na wewe hutajibu kwa kuniuliza kama nimekula.

Kwa wasiomjua: Ambakisye alikuwa mkulima wa kokoa wa Makwale, na admin mkuu wa kundi letu la mtandaoni, watu wa Kyela tunaocheza mpira kwenye simu. Mimi Zuhura, muuza vitenge wa Bondeni, nilikuwa msaidizi wake. Mimi napanga ratiba, yeye anaamua ugomvi.

Hakuwahi kumfungia mtu kabla ya kumpigia simu. Na simu yake lazima ianze na salamu.

Mtu katukana mpinzani matusi ya kuchoma masikio. Ambakisye anampigia: "Ugonile, kaka, umeamka salama? Nyumbani hawajambo? Mpunga umeota vizuri? Umekula?" Kabla hajafika kwenye matusi, mkosaji ameshaomba msamaha mwenyewe.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa jeneza.

Mnajua mtindo ule: ukimfunga mtu magoli mengi, unamtumia picha za majeneza, maana yake umemzika. Lusajo na vijana wa timu yake walikuwa wameliweka jeneza hadi kwenye nembo yao. Wote tulicheka. Mimi nilicheka sana.

Siku moja wakamfunga Gwamaka wa Katumba Songwe, wakamjazia majeneza ukurasa mzima. Gwamaka akatoka kwenye kundi bila neno.

Tulisema amekasirikia magoli. Ambakisye akapanda baiskeli akamfuata kwao. Akakuta turubai limefungwa uani. Gwamaka alikuwa amemzika mama yake wiki ile, akaingia kucheza ili apumzishe kichwa.

Ambakisye akarudi na sheria: jeneza marufuku, kwenye nembo na kwenye ujumbe.

Jamani, kundi likawaka!

"Ni picha tu, kaka!" Lusajo akasema. "Basi tukataze na bomu, na kisu, na fuvu!"

"Na mbuzi pia," mwingine akadakia. "Mbuzi naye anachinjwa."

"Bundi je? Bibi yangu akimwona kwenye simu yangu silali ndani!"

Ambakisye akajibu mmoja mmoja, kwa upole, akianza na salamu kila mara. Mpaka mtu akaandika, "Kaka, tumeshaamka salama mara kumi leo, endelea."

Mwisho akamuuliza Lusajo, "Ulishawahi kubeba jeneza, mdogo wangu?"

"Bado."

"Haya. Siku ukibeba, tutaendelea na mjadala."

Tukapiga kura, zikafungana. Akasema basi, kura yake kama admin mkuu ndiyo inaamua. Akamtafuta fundi simu akamwekea roboti ya kufuta majeneza yenyewe, usiku na mchana, bila huruma.

Ili watu wasinung'unike, akaleta nembo mpya ya mshindi: kokoa. Aliichora mwenyewe, kwa kidole, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Kaka, hicho kiazi kinaumwa?"

"Ni kokoa!"

"Mbona kina mkia?"

"Huo ni mti wake!"

Siku tatu tulibishana kuhusu ule mkia. Hakuufuta.

Ambakisye, kuna jambo sikuwahi kukuambia. Kura moja ya kutaka jeneza libaki ilikuwa yangu. Nilisahau kwamba admin anaona nani kapiga nini. Kesho yake ulipita dukani, nikaanza kujieleza kwamba kidole kiliteleza. Ukacheka. "Nimeiona, dada Zuhura. Umekula?"

Ukaniachia ndizi za kuchoma, ukaenda zako. Sikusema samahani. Nilijua nitasema siku nyingine.

Uliugua siku nne tu.

Ijumaa asubuhi nilipopata habari, nilikaa kwenye kaunta ya duka, nikashika simu. Nikaandika kwenye kundi: ndugu zangu, tumempoteza Ambakisye. Simu ikanipendekezea picha ya kuweka mwishoni, nikabonyeza bila kuangalia. Jeneza.

Tangazo likafutika papo hapo.

Likaja jibu la roboti, kwa maneno yako yale yale: "Ndugu, ujumbe wako umeondolewa. Kama una maelezo, mpigie Ambakisye. Msalimie kwanza."

Na mimi, kwa mazoea tu, nikapiga. Aisee, nilipiga kweli!

Ikapokelewa. Alikuwa mama yako. Nikakumbuka sheria yako: salamu kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikalia pale kwenye kaunta, mbele ya mteja aliyeshika doti ya kitenge. Kumbe ulikotoa swali lile ni kwake.

"Njoo nyumbani," akasema. "Wali upo."

Nilikuja. Tulikuja wengi, watu tuliojuana kwa majina ya mchezo tu, kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Wewe ndiye yule?" Gwamaka alikuwepo, anachota maji. Na kwenye wale waliokubeba mpaka chini ya migomba alikuwemo Lusajo.

Baada ya kuzika alikuja nilipokaa. Shati lote udongo. Akajifuta bega.

"Dada Zuhura, mjadala umeisha."

Jioni ile akabadilisha nembo ya timu yake. Ameweka kokoa yako, na mkia wake wote. Leo kundi zima wanayo. Inaonekana kama shamba la viazi wagonjwa.

Roboti sijaizima. Sitaizima.

Samahani kwa ile kura, kaka. Kidole hakikuteleza.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kila salamu. Pumzika salama kwenye udongo wa kwenu. Na huko uliko, ukiwakumbuka watu wa kundi lako, unikumbuke na mimi, msaidizi wako.

Nimekula.