Mgeni Rasmi Nyuma ya Darasa

Mvua ilinyesha Kyela usiku kucha. Asubuhi mdogo wangu wa kike akanipigia simu kutoka mjini, anaongea chini chini.

"Kaka, uwanja umejaa maji. Wanasema mechi inahamia Bujonde."

Nilikuwa shambani Busale, nimesimama katikati ya mpunga. Nikamuuliza Bujonde sehemu gani. Akaitaja shule. Uwanja wa shule ile umepakana na mikakao ya mzee ambaye mwanawe ndiye mchumba wa mdogo wangu.

Kwetu Wanyakyusa, ng'ombe wa mahari wakishafika, kama walivyokwisha kufika kwetu, binti haonani tena na baba mkwe wake. Akimwona njiani anachepuka, hata kama ni kuingia kwenye migomba ya watu. Akikosa pa kuchepukia anainama na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Siku hizi wapo wanaoicheka desturi hii. Sisi hatukuweza kuicheka. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu wawili, na watu huwaangalia sana watoto wa namna hiyo. Ukikosea kidogo wanasema, ndiyo hivyo, hawakuwa na mama. Kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe, tena kwa ukali, mambo ambayo hata shangazi zetu walikuwa wameanza kuyalegeza.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kidogo cha serikali, huko juu kwenye baridi, na alikuwa mfungaji katika klabu ya mpira wa pete. Klabu yenyewe haikuwa na makuu. Kiwanja kilikuwa cha saruji iliyopasuka, na jezi walizifua kwa zamu. Lakini kila mwaka timu ya kwenda mashindano ya vyuo ilichaguliwa kutoka humo, na kila mwaka yeye alibaki. Safari hii kocha alisema atataja majina baada ya mechi ya kirafiki na akina mama wa Kyela mjini, wanaojulikana kwa viwiko vyao. Mdogo wangu alikuwa ameniambia, "Nisipochaguliwa sasa, basi tena, kaka. Nitakuwa nimemaliza chuo sijawahi kuivaa jezi ya mashindano."

Mzee sikumwogopa. Namfahamu, si mtu wa fujo. Niliogopa kwamba mdogo wangu akimwona atafanya nilichomfundisha. Atakimbia.

"Atakuwepo?" akauliza kwenye simu.

"Jumamosi huwa anakwenda sokoni."

"Na akiwepo?"

"Cheza mpira wako," nikasema. Kisha nikatoka shambani na mabuti yangu ya mvua, nikatafuta bodaboda.

Barabara ilikuwa maji matupu. Kila tulipopunguza mwendo nilimhimiza dereva, mpaka akageuka. "Braza, legeza mikono. Hizo mbavu ni zangu."

Nilipofika, timu zote mbili zilikuwa zimejipanga mstari katikati ya uwanja, kama inavyokuwa kabla ya mechi, zikimsubiri mgeni rasmi apite kuwakagua na kuwapa mikono. Mgeni aliyealikwa alikuwa amekwama ng'ambo ya maji. Walimu wa shule wakaona wasiwaaibishe wageni wa chuo kikuu. Wakamwita mtu mwenye heshima aliye karibu, mwenyekiti wa kamati ya shule. Naye alikuwa anatokea upande wa ofisi, amevaa koti, ameshika kofia mkononi, anauelekea mstari kwa tabasamu.

Alikuwa yule yule mzee.

Mdogo wangu alishamwona. Alikuwa amejikunja nyuma ya mwenzake mnene, ameinamisha kichwa, mikono inatafuta kanga ambayo haikuwepo. Alivaa sketi fupi ya mchezo.

"Wewe mrefu!" Kocha alikuwa mama wa Singida, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Unajificha nini? Simama mstarini!"

"Mwalimu, siwezi."

"Huwezi kusimama?"

Mwenzake mnene akacheka. "Mh, huyo mzee mliachana lini?"

Mdogo wangu aliangalia nafasi kati ya madarasa mawili, ile inayoelekea vyooni, nikajua anapima mbio. Kocha naye alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefuta jina kichwani.

Nikakatiza uwanja mbio na mabuti yangu, watu wote wanatazama. Nikamfikia mzee, nikainama kumwamkia kama baba.

"Mugonile, tata."

"Ee, mkwe! Nawe umekuja kuangalia mpira?"

"Tata, mkamwana wako yumo mstarini."

Mzee alijua kwamba yuko chuoni. Kwamba anacheza mpira, hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuuliza ni yupi. Aligeuka pale pale, mguu ukiwa bado haujatua, akawapa mgongo wageni wote.

"Mwenyekiti!" mwalimu mkuu akaita. "Timu ziko huku!"

"Nimeziona," mzee akasema. "Ndiyo maana nimegeuka."

Walimu, ambao ni watu wa hapa, wakaelewa, wakaanza kuangalia chini. Wageni hawakuelewa kitu. Mzee akavaa kofia yake. Nilidhani ataondoka kwa hasira, na maneno yatafika kwa shangazi kabla ya jua kuzama.

"Wewe ndiye uliyemlea," akaniambia bila kugeuka. "Nenda kawakague."

"Mimi, tata? Na mabuti haya?"

"Watakupa mkono, hawatakupa mguu," akasema, akaelekea nyuma ya darasa.

Ndivyo nilivyokuwa mgeni rasmi. Nilipita mstarini nikiwapa mkono wasomi wa chuo kikuu, tope limenifika magotini. Nilipofika kwa mdogo wangu mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya darasa."

"Ananiona?"

"Haoni. Cheza."

Mzee hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye tofali nyuma ya darasa, ameupa ukuta mgongo, akaniita nisimame pembeni, mahali ninapoweza kuuona uwanja na yeye akanisikia.

"Wanafanya nini?"

"Mpira umefika kwake, tata."

"Sasa?"

"Analenga."

"Sasa?"

"Umegonga pete."

Akaguna. "Tena?"

"Tena."

"Huko chuoni hawali?"

Sikuweza kumwambia sababu. Kila mara kabla ya kurusha, mdogo wangu aliangalia ile kona niliposimama, na mikono ikapoteza lengo. Kocha alishamwamuru msichana mwingine apashe misuli. Nikiangalia kule naona benchi likimsubiri, nikimwangalia mzee naona kofia tu.

Ndipo mama mmoja wa mjini akaurusha mpira kwa nguvu kupita kiasi. Ukadunda juu ya bati na kuangukia upande wetu, karibu kabisa na miguu ya mzee. Mdogo wangu, aliyekuwa karibu kuliko wote, akaukimbilia bila kufikiri. Alipofika konani akakumbuka, akaganda. Kati yao ilibaki ile pembe ya ukuta, na mimi. Uwanja mzima ukamngoja.

Niliinama niuokote mpira.

"Acha," mzee akasema.

Akauokota mwenyewe, akaurusha juu ya paa. Ukapanda nusu, ukabingirika juu ya bati na kurudi, ukamdondosha kofia. Akatukana kidogo kwa Kinyakyusa. Akaurusha tena, na safari hii ukavuka, tukasikia watu wanashangilia upande wa pili.

Mdogo wangu alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akapiga magoti pale alipo, kuuelekea ukuta, kama inavyotakiwa, akashukuru, "Ndaga, tata," kisha akainuka na kurudi kwa mwendo wa kawaida.

Hakuangalia kona tena.

"Sasa?" mzee akauliza.

"Umeingia."

Baada ya hapo nilisema "umeingia" mpaka koo likakauka. Akina mama walishinda hata hivyo, viwiko vile si mchezo. Kocha akawakusanya wasichana wake, akaanza kutaja majina taratibu, kama mtu asiye na moyo.

"Wamemtaja?"

"Bado, tata."

Majina yakaendelea. Nilishika pembe ya ukuta.

"Wamemtaja?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikasahau kwamba hanitazami.

"Mkwe, nakuuliza."

"Wamemtaja."

Mzee akasimama, akapangusa kofia, akaiangalia mikakao yake. Angepita huko, njia ndefu, ili uwanja ubaki wa mdogo wangu. Alipiga hatua kadhaa akasimama.

"Huko wanakokwenda kushindana, kuna ukuta?"

"Sijui, tata."

"Basi ulizia mapema."