Nilivyopanua Mipaka Mpaka Bafle Ikaungua

Walikuwepo wadogo zangu wawili, Mwajuma na Saidi bwana harusi, alikuwepo Mama Feza aliyetuazima bafle zake mbili za muziki, alikuwepo papa Kambale mwenye duka, na ukoo mzima wa bibi harusi kutoka Pangi, kwa hiyo siwezi kukana, aibu yangu waliiona wote.

Mimi ndiye mkubwa wao. Vita vilipotuchukulia baba na mama niliacha shule, nikakaa mtaani Kasuku, hapa Kindu, kutengeneza radio kwa vifaa vya kunyofoa kwenye radio zilizokufa, maana wakati ule hakuna kipya kilichofika mjini, na kwa kazi hiyo Mwajuma alisoma elektroniki mpaka mwisho (hilo nalisema hata usiponiuliza). Kwa harusi ya Saidi alichora ampli ya kukuza sauti kwenye kompyuta, akaiachia programu itafute yenyewe thamani ya kila kifaa ndani ya mipaka aliyoiweka, ili sauti itoke kubwa bila kuunguza kitu, akaenda kusuka nywele.

Nikachungulia: vifaa ilivyotaka sina hata nusu. Nikafanya kama wakati wa vita, nikaingiza kwenye programu vifaa nilivyo navyo ndani ya kopo langu, nikavifunga visibadilike, nikaiachia rezistansi moja tu, kile kifaa cha kuzuia umeme, iichague thamani yake. Ikaleta maandishi mekundu: thamani imegonga mpaka. Nikapanua mpaka. Mekundu tena, nikapanua tena, hadi yakatoweka, nikamshukuru Mungu, nikalehemu. Mwajuma aliporudi nikamwambia, "Iko tayari," naye akaniamini.

Nani alishika maikrofoni wa kwanza? Mimi, mahali pa baba. Nikasema, "Wakwe zetu wapendwa," bafle moja ikalia kama mbuzi anayechinjwa, moshi ukatoka, nami kwa ugumu wa kichwa nikaendelea kuhutubia humo humo ndani ya moshi.

"Mukwe, unaongea ao unachoma nyama?" akauliza shangazi wa bibi harusi, na watu wakavunjika mbavu.

Mwajuma akazima umeme, akafungua kompyuta.

"Yaya, mkubwa wangu, njo wewe ulifunga vyote hivi?"

"Njo mimi," nikakiri.

"Sasa kimoja kibebe kazi ya vyote? Kilikuwa kinalia kwa yale maandishi mekundu, na wewe unakifungulia njia tu!"

Wageni wakala pilau, yeye akavifungua vifaa kwenye programu, akarudisha mipaka, akaacha programu itafute upya, na kilichokosekana tukakinyofoa kwenye radio yangu mwenyewe, tukalehemu upya. Sauti ikatoka safi kwa bafle iliyobaki. Nikaanza hotuba upya: "Wakwe zetu, aliyetengeneza hii ni mdogo wangu, mutoto wa mama yangu." Vigelegele! Shangazi yule alipiga kuliko wote.

Tangu siku ile maandishi mekundu siyagusi, namwita Mwajuma mwenyewe.

Ila Mama Feza bado ananidai bafle yake iliyoungua. Nilimpelekea bafle ya zamani, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akanirudishia. "Mimi nataka yenye kulia kama yangu, mwanangu." Mpaka leo sijaipata.