Binti Aliyengojwa

Februari 2013 nilimpoteza mdogo wangu huko Tanga, nami nikiwa Doha. Alizikwa bila mimi. Alikuwa na kigugumizi. Shuleni mwalimu wetu alikuwa akimmalizia maneno, darasa likicheka, hata mdogo wangu akaacha shule.

Wiki ileile nilikuwa zamuni, mlinzi wa mlangoni katika kituo cha utafiti wa elimu huko Al Rayyan, kando ya Doha. Watafiti walikuwa wanajaribu programu mpya: mtoto anasoma kitabu kwa sauti, kompyuta inamsikiliza na kumsahihisha. Akaingia binti wa miaka kama kumi, akaketi mbele ya kompyuta, nami nikitazama toka mlangoni. Neno la kwanza likamkwama. Kompyuta ikamtajia. Akaanza tena, ikamtajia tena. Machozi yakamlengalenga.

Mtafiti mkuu, mama wa Kisudani, akaizima sauti ya mashine.

"Daktari, jaribio litaharibika," fundi wa kompyuta akanong'ona.

"Acha liharibike. Mashine yako ina haraka kama mama mkwe."

Kisha akaketi, mikono ameikalia, kama mtu anayejizuia kusaidia. Sijapata kuona wasomi wakubwa namna ile wakimngoja mtoto mmoja, kana kwamba hawana kazi nyingine duniani. Mdogo wangu hakuwahi kungojwa hivyo hata siku moja.

Neno likatoka. Likafuata jingine, na jingine, mpaka mstari ukaisha. Binti akageuka kumtazama yule mama.

"Endelea, mwanangu. Tupo."

Akafunua ukurasa wa pili.